Uzi: Zunguka nyuma ya sanamu. Sanaa ya dini ya Hispania na mawe ya Waiberia wa kale, kwa jicho la seremala

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni seremala. Kazi nilijifunza Tanga kwa baba yangu mdogo, milango na vitanda vya mkangazi na mninga, na sasa ni mwaka wa saba niko Valladolid, kaskazini ya Madrid, kwenye karakana ya samani. Humu nimesoma nyuzi nyingi za Misri, za Roma, za Uchina. Ya Hispania sijaiona, ukiacha za mpira. Basi leo naianzisha mimi. Nitashusha kwa mafungu kwa sababu naandika kwa simu nikitoka kazini, mnivumilie.

Sanaa ya dini ya huku watu wengi wanaitazama usoni tu. Wanaona uso unalia, damu inachuruzika, dhahabu inawaka, wanapiga picha, wanapita. Fundi hatazami hivyo. Fundi akikuta kabati la mwenzake anavuta droo, anachungulia mgongo, anapapasa kwa ndani. Huko ndiko anakomjua aliyelitengeneza. Mimi nimezunguka makumbusho na makanisa ya huku kwa mtindo huo, na mambo niliyoyaona nyuma ndiyo yaliyonifanya nipende ya mbele.

Nianze na hapa ninapoishi. Valladolid kuna Makumbusho ya Taifa ya Uchongaji, ndani ya chuo cha zamani cha San Gregorio. Humo kuna vipande vya retablo ya monasteri ya San Benito, kazi ya Alonso Berruguete, 1526 hadi 1532. Retablo ni ukuta mzima wa mbao unaosimama nyuma ya altare, umegawanywa visanduku visanduku, kila kimoja na sanamu yake au picha yake, unapanda mpaka karibu na dari. Hii ya San Benito ilibomolewa zamani, kwa hiyo sanamu zilizokuwa juu kabisa leo unasimama nazo uso kwa uso.

Tafuta ya Ibrahimu na Isaka. Haifiki mita moja kimo. Mzee ametupa kichwa nyuma, kinywa wazi, analia kuelekea mbinguni, na mtoto yuko chini yake amefungwa, naye kinywa wazi. Siku ya kwanza nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Halafu seremala aliye ndani yangu akaamka. Ukiikagua kwa rula kazi ya Berruguete ina makosa: mguu mrefu kuliko mwenziwe, bega limekaa pasipo mahali pake, patasi imepita kwa haraka. Na alijua. Hakuwa anatafuta mguu, alikuwa anatafuta kile kilio, na kutoka chini, kwenye mwanga wa mishumaa, ni kilio tu kilichokuwa kinafika kwa waumini.

Sasa zunguka nyuma. Sanamu za retablo kwa kawaida mgongo wake umefukuliwa, ziko kama mtumbwi uliosimamishwa. Watu hudhani ni kupunguza uzito. Uzito ni sehemu tu. Gogo zima likikauka hupasuka kutoka moyoni, na ufa huo ungepita katikati ya uso wa mtakatifu. Ukiutoa moyo, mti unapumua. Baba mdogo alinifundisha hilo hilo Tanga kwenye nguzo za vitanda.

Inaendelea…

#2 Mdau, Moshi

Mkuu shusha nondo, nimeshavuta kiti. Swali moja kabla hujaendelea: hiyo dhahabu ni dhahabu kweli au ni rangi ya dhahabu? Maana kanisani kwetu ni ya kopo.

#3 Mleta uzi

Dhahabu kweli, kaka. Na hapa ndipo nilipowavulia kofia hawa wazee.

Sanamu ikishachongwa inapakwa gundi ya ngozi ya mnyama iliyochemshwa. Juu yake inakuja jasi iliyosagwa na kuchanganywa na gundi ile ile, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka linasuguliwa, mpaka vinyweleo vyote vya mbao vimezikwa. Halafu udongo mwekundu laini sana, unaitwa bolo. Dhahabu ikikaa juu ya cheupe inapauka, ikikaa juu ya chekundu inapata joto. Dhahabu yenyewe imepondwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ukiigusa kwa kidole imekwisha, hubebwa kwa brashi pana. Unalowesha bolo, unaitua, inanyonywa. Ikikauka unaisugua kwa jiwe la akiki mpaka inang'aa.

Halafu, sikia sasa, wanaifunika dhahabu yote hiyo kwa rangi iliyokorogwa na yai. Yote. Kabla rangi haijakomaa, wanachukua kijiti chenye ncha na kuikwangua mstari kwa mstari, maua, majani, miduara, na dhahabu inachungulia kutoka chini kama nyuzi kwenye kitambaa cha hariri. Kazi hiyo wanaiita estofado. Nimejaribu mwenyewe kwenye kipande cha msonobari kikubwa kama kiganja. Jumapili tatu zimekwisha na ua moja halijakaa sawa.

Ngozi ya mwili ilikuwa kazi nyingine kabisa, na mara nyingi ya mtu mwingine. Kwa sheria za vyama vya mafundi, mchongaji anachonga na mchoraji anapaka rangi. Sevilla, mchongaji mkuu alikuwa Juan Martínez Montañés, watu wakimwita mungu wa mbao. Nyuso zake nyingi zilipakwa na Francisco Pacheco, ambaye baadaye akawa baba mkwe wa mchoraji Velázquez. Montañés alichukua mkataba wa retablo nzima, uchongaji na rangi pamoja, na mwaka 1622 Pacheco akaandika waraka mkali wa kulalamika kwamba mchongaji ameingia shamba la wachoraji. Yaani ugomvi wa fundi na fundi juu ya tenda, miaka 400 iliyopita. Pacheco ndiye aliyepigania ngozi isiyong'aa, ifanane na ngozi ya mtu, badala ya ile ya kumetameta kama sahani. Ukikaribia utaona alikuwa sahihi.

#4 Mdau, Dodoma

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu na kazi yako nzuri. Ila mimi ni mlokole, na Kutoka 20 iko wazi kabisa kuhusu sanamu ya kuchonga. Hivi hatuoni kwamba tunasifia kitu ambacho watu walikipigia magoti?

#5 Mleta uzi

Mtumishi, swali lako ni zuri na huku Ulaya lilimwaga damu. Waprotestanti wa kaskazini walivunja sanamu makanisani karne ya 16, na jibu la Wakatoliki lilitolewa Mtaguso wa Trento, Desemba 1563: heshima haikai kwenye mbao, inakwenda kwa yule anayewakilishwa. Sanamu zote za Sevilla na Valladolid ninazozitaja hapa za karne ya 17 zimechongwa chini ya jibu hilo. Sikushawishi ulikubali. Nakuomba tu usome mkataba mmoja pamoja nami, uone walikuwa wanatafuta nini.

Mwaka 1603 padre mmoja mkubwa wa Sevilla, Mateo Vázquez de Leca, alimwagiza Montañés msalaba. Mkataba upo. Unamtaka Kristo awe hai, kabla hajakata roho, kichwa kimeinama upande wa kulia, akimtazama mtu yeyote atakayekuwa anasali miguuni pake, kana kwamba anasema naye. Macho yawe wazi. Leo msalaba huo uko katedrali ya Sevilla, unaitwa Kristo wa Huruma. Ukisimama mbele yake kama mgeni, hakutazami, macho yake yameenda chini. Ukipiga magoti, mmekutana. Mimi nilipiga magoti ili nikague pembe ya shingo, wallahi nilikuwa nakagua kazi, na nikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Gregorio Fernández wa hapa Valladolid (1576 hadi 1636) alikwenda mbali zaidi. Kristo wake aliyelazwa amekufa ana macho ya kioo yaliyofumba nusu, meno ya pembe, kucha za pembe ya ng'ombe, na kwenye majeraha ameweka gome la mti wa koki ili damu iwe na unene. Mwingine anaweza kuona imezidi. Mimi nilimzika baba mdogo kwa mikono hii, nilimwosha pamoja na ndugu zangu, na najua kidevu kinavyokaa. Fernández naye alijua.

#6 Mdau, Mwanza

Kaka samahani, na wanawake je? Au walikuwa wanapigwa picha tu kama Bikira Maria? 🙂

#7 Mleta uzi

Dada yangu, asante, ningemsahau ningejilaumu. Luisa Roldán, Sevilla, 1652 hadi 1706. Baba yake Pedro alikuwa na karakana kubwa na watoto wote walifanya kazi humo, ndiyo hali ya familia za mafundi. Alitaka kuolewa na mchongaji mwenzake, baba akagoma, mahakama ikaingilia mpaka ndoa ikafungwa. Mwaka 1692 akawa mchongaji wa jumba la mfalme Carlos wa pili, cheo ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukishika kabla yake. Malaika Mikaeli wake yuko El Escorial, jumba na monasteri ya wafalme karibu na Madrid. Ila cheo hakikuleta chakula: barua zake za kuomba malipo, nyumba na nguo kwa watoto zimehifadhiwa, na alikufa akiwa ameandikisha kwamba hana kitu. Fundi yeyote aliyewahi kudai pesa yake kwa mtu mkubwa atazielewa barua zile.

#8 Mdau, Mombasa

Assalam aleikum. Sheikh wangu, mbona unairuka Córdoba? Hispania imesimama juu ya mikono ya Waislamu.

#9 Mleta uzi

Waaleikum salaam. Sijairuka, naisogelea. Nipe nafasi nimalize Waiberia, watu waliokuwepo kabla ya wote, kabla ya Roma, kabla ya kanisa na msikiti.

Tarehe 4 Agosti 1897, shamba la La Alcudia, karibu na mji wa Elche, upande wa bahari ya Mediterania. Wafanyakazi walikuwa wanachimba udongo, jembe likagonga jiwe, jiwe likawa na uso. Mwanamke, kichwa na mabega, sentimita 56 kwenda juu, jiwe la chokaa laini. Pande mbili za kichwa ana magurudumu makubwa yanayofunika nywele zake, kifuani mikufu mitatu mizito, macho yamelegea kidogo. Wenyeji wakamwita Malkia wa Kimori, yaani wa Waislamu wa kale wa Hispania. Leo dunia nzima inamjua kama Bibi wa Elche, na ni wa karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo.

Alikuwa na rangi. Midomo myekundu, na buluu na nyekundu mavazini, na chembe zake bado zipo. Lakini mmeshanijua. Zunguka nyuma. Mgongoni kuna tundu la duara, upana kama sentimita 18, limechimbwa ndani ya jiwe. Uchunguzi wa vumbi lililobaki humo umeonyesha chembe za mfupa wa binadamu uliochomwa. Malkia huyu alikuwa chungu cha majivu ya marehemu. Watu wanasimama mbele yake Madrid wanabishana kama ni mungu wa kike au bibi harusi, na jibu liko upande ambao hawapigi picha.

Mwezi haukwisha, akauzwa. Pierre Paris, Mfaransa mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa Elche siku hizo, akapeleka habari makumbusho ya Louvre, Paris, wakalipa faranga 4,000. Akakaa Paris zaidi ya miaka 40. Mwaka 1941 serikali ya Franco ya Hispania na ile ya Vichy ya Ufaransa zikafanya mabadilishano na akarudi, pamoja na Bikira Maria wa mchoraji Murillo ambaye jenerali wa Napoleon, Soult, alimchukua Sevilla, na pamoja na baadhi ya mataji ya dhahabu ya wafalme wa Kivisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, yaliyofukuliwa Guarrazar, karibu na Toledo. Bibi akawekwa makumbusho ya Prado, Madrid, na tangu 1971 yuko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, mtaa wa Serrano, Madrid. Elche amerudi kwa mkopo tu, 1965 na 2006. Watu wa Elche wanamtaka nyumbani, na nawaelewa.

#10 Mdau, Dar

Mkuu, niliwahi kusoma kwamba huyo mama ni feki, amechongwa karne ya 19. Ukweli ni upi?

#11 Mleta uzi

Dai hilo lilitolewa 1995 na profesa mmoja wa Marekani. Vipimo vya rangi vilivyofuata vimeonyesha ni ya kale, na yale majivu ndani ya tundu yanakwenda upande huo huo. Ila mimi lililonituliza ni jingine.

Mwaka 1971, Julai, Francisco Presedo akichimba makaburi ya Waiberia mji wa Baza, mkoa wa Granada, alifungua kaburi namba 155 na kumkuta mwanamke mwingine wa jiwe, huyu ameketi kwenye kiti chenye mabawa, mwili mzima, rangi bado ziko juu yake. Ana mikufu, ana pete, mkononi ameshika ndege mdogo wa buluu. Na ubavuni mwa kiti, chini ya mkono wa kulia, kuna tundu, na ndani ya tundu mifupa iliyochomwa. Hii ilichimbwa na wanasayansi mchana kweupe. Desturi ni moja. Na kaburini kulikuwa na silaha, hata wakafikiri aliyezikwa ni mpiganaji mwanamume, mpaka mifupa ilipochunguzwa ikaonekana ni ya mwanamke.

Wote wawili wako jumba moja Madrid. Nakushauri Bibi wa Elche umpe dakika zako, lakini kaa na yule wa Baza. Ule mkono na ndege wake. Amemshika kama mtu anavyoshika kifaranga asimbane, vidole vimekunjwa kwa uangalifu, na aliyechonga ametumia chuma juu ya jiwe.

#12 Mdau, Bukavu

Aksanti sana kaka kwa masomo haya. Hao Waiberia waliandika? Na lugha yao ilikuwa gani, Kilatini?

#13 Mleta uzi

Waliandika, na hapa kila aliyesoma shule ya msingi kwetu ana faida kuliko Mzungu.

Mnakumbuka ba be bi bo bu? Sisi tulifundishwa kusoma kwa silabi. Waiberia waliandika hivyo hivyo, nusu. Sauti a, e, i, o, u zina herufi zao. L, n, r, s na nyinginezo zina zao. Lakini kwa sauti za kupasuka hakuna b peke yake wala k peke yake: kuna alama moja ya ba, nyingine ya be, nyingine ya bi, bo, bu, halafu ka ke ki ko ku, halafu ta te ti to tu. Alama 15 za silabi. Mtu wa kwanza kuufungua mfumo huo vizuri ni Manuel Gómez-Moreno, miaka ya 1920, na sarafu zilimsaidia, kwa sababu sarafu huandikwa jina la mji ambao unajulikana. Chukua sarafu ya Lleida, yenye picha ya mbwa mwitu. Imeandikwa i, l, ti, r, ta. Iltirta. Ya Tarragona: ke, s, e. Kese.

Lugha si Kilatini, na haimo katika familia ya Kilatini wala Kigiriki. Maandishi yake, mengine yamechongwa kwenye vipande vya risasi vilivyokunjwa kama barua, yanasomeka kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na maana haijafunguka. Nilikaa Madrid mbele ya kabati la kioo nikasoma kwa midomo, kama darasa la kwanza, nikitamka maneno ya watu wa miaka 2,300 iliyopita. Nilipata baridi mgongoni.

Kaskazini kabisa, Navarra, mwaka 2021 walichimba mlima wa Irulegi wakapata kiganja cha shaba nyembamba, kwenye nyumba iliyoungua vitani karne ya 1 kabla ya Kristo. Kilikuwa kimepigiliwa msumari, vidole chini, karibu na mlango. Kina maandishi, na neno la kwanza lilisomwa sorioneku. Wabaski wa leo, wenyeji wa huko huko kaskazini, wana neno zorioneko, mwenye heri. Tangu matokeo yatangazwe 2022 wataalamu wanabishana juu ya herufi moja moja, na ubishi huo ni mtamu, lakini mtu wa pwani akikiona kiganja kile juu ya mlango hahitaji kuelezwa kazi yake.

#14 Mleta uzi

Sasa Sheikh wa Mombasa, Córdoba.

Abd al-Rahman wa kwanza aliuanza msikiti mwaka 785 au 786. Ukaongezwa mara tatu, wa mwisho Almanzor mwaka 987. Nguzo ni zaidi ya 850. Mbele inajulikana: matao mekundu na meupe, moja juu ya jingine, msitu usio na mwisho. Lakini tazama nguzo zenyewe kwa jicho la mjenzi. Za mwanzo hazikuchongwa kwa ajili ya msikiti. Zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi, hii ya kijivu, ile ya waridi, hii ina kichwa cha majani, ile haina. Na zilikuwa fupi. Ukiweka dari juu yake jumba zima litakuwa kama ghala. Fundi akapandisha nguzo ya pili juu ya ile ya kwanza na kuzifunga kwa matao mawili, la chini likizuia zisiyumbe, la juu likibeba dari. Yaani uzuri ule wote unaopigwa picha ulitokana na shida ya vifaa vifupi. Kila fundi anaijua shida hiyo.

Mihrabu iliongezwa na al-Hakam wa pili miaka ya 960, kwa vijiwe vya kioo na dhahabu ambavyo kaisari wa Bizanti alimtumia pamoja na fundi wake. Mkristo akimpelekea Mwislamu fundi wa kupamba kibla. Mwaka 1236 mji ulitekwa na Fernando wa tatu na msikiti ukawa kanisa, na mwaka 1523 wakaanza kujenga katedrali katikati kabisa ya nguzo. Leo misa husomwa humo kila siku na sala ya Waislamu hairuhusiwi. Mimi hilo linaniuma, nalisema wazi, na nilipotoka nilikaa kimya kwenye ua wa michungwa.

Na ni hapo uani ndipo penye kitu ambacho watalii wanakipita. Kwenye baraza zinazozunguka ua yametundikwa maboriti ya dari ya zamani, msonobari, yamechongwa na kupakwa rangi, majani yanajisokota kutoka ncha hadi ncha. Dari ilipobadilishwa, mbao hizo zilishushwa, nyingine zikatumika tena kama mbao za kawaida. Alama za tezo bado zinaonekana.

Halafu jambo moja la kutugusa sisi. Kule Madrid, jumba lile lile la Bibi wa Elche, kuna kikopo chenye mfuniko cha pembe ya ndovu, cha mwaka 964, al-Hakam alikiagiza kwa ajili ya Subh, mama wa mwanawe. Tausi, swala, ndege, na Kiarabu kimezunguka ukingoni. Kilikaa karne nyingi katedrali ya Zamora kikihifadhi masalia ya watakatifu. Pembe za Córdoba ni za tembo wa Afrika. Karne hiyo hiyo al-Masudi, aliyefika pwani yetu, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani na kutoka huko India na Uchina. Nilikitazama kikopo kile nikiwaza mnyama aliyekibeba.

#15 Mdau, Mombasa

Allah akulipe kheri. Hapo kwenye maboriti umenigusa, babu yangu alikuwa fundi wa boriti Lamu. Endelea.

#16 Mdau, Moshi

Mkuu, na ile picha ya Yesu iliyoharibiwa na bibi mmoja ikasambaa mtandaoni, si ilikuwa huko huko?

#17 Mleta uzi

Ndiyo, mji wa Borja, mwaka 2012. Lakini tumwache mama wa watu. Picha ilichorwa ukutani mwaka 1930 hivi, ukuta una unyevu, rangi inabanduka, na mzee muumini akashika brashi kwa mapenzi. Mimi mbaya zaidi naona ya Estella, Navarra, mwaka 2018: Mtakatifu Joji wa mbao wa karne ya 16, mwenye dhahabu na rangi zake za asili, akapakwa upya kama mwanasesere. Wataalamu wa serikali ya Navarra walikaa naye mpaka 2019 kuondoa rangi ile, na sehemu kubwa ya ile ya asili ilishapotea. Tabaka lile la karne ya 16 likishakwanguliwa hakuna fundi wa kulirudisha.

Na kuondoa picha ukutani ni somo lenyewe, ndilo fungu langu la mwisho.

Milima ya Pirenei, bonde la Boí, kuna kanisa dogo la Sant Climent de Taüll, liliwekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123. Kesho yake likawekwa wakfu la Santa Maria, mwendo wa dakika chache tu. Kristo wa Sant Climent, macho makubwa, buluu inayokata, vidole viwili juu, ni picha nisiyoweza kuieleza. Ila haiko kanisani. Kuanzia 1919 wanunuzi walikuwa wanapanda milimani kubandua picha na kuziuza Marekani. Ya Santa Maria de Mur iko Boston mpaka leo. Wakatalunya wakaamua kuwahi, wakazibandua zilizobaki kwa kuajiri mafundi wale wale wa Italia waliokuwa wakiwabandulia wanunuzi. Unabandika vitambaa juu ya picha kwa gundi ya mnyama, unaacha ikauke, gundi ikikaza inashika rangi, unavuta. Ngozi ya picha inatoka na kitambaa. Unaikunja, unaishusha kwa nyumbu, unaibandika upya Barcelona. Kwa upande wa Taüll nashukuru walifanya. Picha za Sijena, Aragón, ni kesi tofauti: zilibanduliwa baada ya monasteri kuchomwa moto 1936, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Hispania iliamua zirudi, na wahifadhi wa Barcelona wanasema zitavunjika njiani. Hapo sina upande.

Ninayo moja ninayoipenda kuliko zote. San Baudelio, kijiji cha Casillas de Berlanga, mkoa wa Soria. Nje ni sanduku la mawe kwenye kilima kikavu, hakuna mtu. Ndani kuna nguzo moja katikati, na juu inafunguka matawi manane kama mnazi. Kuta zote zilichorwa karne ya 12: Yesu na wanafunzi juu, na chini wawindaji, dubu, sungura na mbwa, tembo mwenye ngome mgongoni, na ngamia. Castilla, katikati ya theluji, tembo na ngamia!

Wanakijiji waliokuwa wenye milki waliuza picha kwa mfanyabiashara mwaka 1922, ingawa jengo lilikuwa tayari ni urithi wa taifa tangu 1917. Mahakama ikawapa haki, na 1926 zikabanduliwa. Zikaenda Marekani. Mwaka 1957 New York na Hispania wakakubaliana: baadhi ya picha zirudi Prado, na mbadala wake mgongo mzima wa kanisa la Fuentidueña, mawe zaidi ya 3,000, ukahamishwa kwa meli ukajengwe upya The Cloisters, makumbusho ya New York. Kwa hiyo tembo yuko Madrid na ngamia yuko New York.

Lakini gundi haikuvuta kila kitu. Rangi ilikuwa imezama kwenye chokaa, na ukutani kivuli kimebaki. Nilifika Mei, jua likiingia mlangoni. Unamwona tembo, hafifu, kama doa la chai kwenye kitambaa, na unajua kila mguu ulikuwa wapi.

#18 Mdau, New York

Shikamoo mleta uzi. Niko Harlem, ni mkunga, uzi huu nimeusoma zamu nzima ya usiku. Leo nimepumzika, nikapanda treni ya A hadi kituo cha 190, nikatembea bustanini hadi The Cloisters. Ngamia yupo. Nundu moja, kama wale wa kwetu Garissa, shingo ameinyoosha. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani, ananizidi kimo. Nikakumbuka ulivyosema, nikataka kuzunguka nyuma. Hapazungukiki, amebandikwa ukutani.

#19 Mleta uzi

Marahaba dada yangu, umenifurahisha sana. Nyuma yake hutaiona hapo kwa sababu iko Soria, ukutani. Mei nitaenda tena, nitampiga picha kivuli chake niiweke humu. Wewe niwekee ya ngamia, ichukue kwa ubavu, miguu yote minne ionekane, niipeleke nikailinganishe.